Meneja Ananawa Mikono

Tangu mtu wa kwanza aunguze ulimi kwa kahawa mpaka leo, dunia haijapata mkahawa wenye meneja mstaarabu kama ule wa Profesa! Meneja haibi, hachelewi kazini, hagombani na wateja, wala haombi ruhusa ya kwenda kwenye mazishi ya babu yule yule kila mwaka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, tena ndogo. Alikuwa komba.

Naam, komba! Yule mnyama wa porini mwenye macho makubwa na mkia mrefu, anayelala mchana kutwa na kuruka mitini usiku. Ila huyu hakuwa na mti. Alikuwa na friji.

Lakini tuanze na mwenye mkahawa, maana asipotangulizwa yeye hununa.

Jina la Profesa hakulipata chuoni. Chuo alikijua kwa nje tu, kwa sababu aliwahi kupeleka magodoro kwenye mabweni yake. Siku hiyo mlinzi wa getini alimkuta akimfundisha mhadhiri mmoja namna ya kulala, akamwambia, "Haya, profesa, shusha mzigo uondoke." Kejeli hakuisikia. Jina alilisikia vizuri sana, akaenda nalo nyumbani na kumtangazia mkewe.

Magodoro yenyewe yalikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mnene na mpole mwenye duka lenye dirisha kubwa la kioo lililotazama barabarani. Profesa alimfanyia kazi hapo mpaka siku alipotupa chini kamba za kufungia mzigo na kutamka maneno ambayo ukoo mzima unayakumbuka.

"Shemeji, kichwa kama hiki hakiwezi kuzeeka chini ya godoro la mtu!"

"Sawa, shemeji," akajibu yule bwana, akiendelea kumenya chungwa lake. "Ukichoka, mlango unaujua."

Ndipo ukazaliwa mkahawa. Kilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na duka la miwani, na nyuma yake, upande wa pili wa pazia, ndipo Profesa na mkewe walipolala. Mkewe alioka keki, akaosha vikombe, akafagia, akapokea wateja na kuwaaga. Kazi nyingine zote zilizobaki alizifanya Profesa mwenyewe.

Umeme, kwa mfano, aliufunga yeye, akisema hawezi kumwita fundi kwa jambo la akili ya kawaida. Akili ya kawaida ikaleta swichi moja tu nyuma ya pazia, na swichi hiyo iliwasha taa zote za mkahawa na za chumba cha kulala kwa mpigo mmoja. Profesa aliuita mfumo wa kisasa.

Wateja wakawa hawaji. Keki zilikuwa tamu, lakini kahawa, iliyopikwa na Profesa, ilifanana na maji yaliyosuuziwa sufuria ya kahawa. Mteja wa kudumu alikuwa mmoja, yule kinyozi jirani, na naye alikuja kwa sababu kibandani kwake hakukuwa na choo.

Siku moja Profesa akaruka kutoka kwenye kiti chake kirefu, simu mkononi, macho yamemtoka.

"Mke wangu! Tumepotea njia! Huko kwenye miji mikubwa watu wanakunywa kahawa na wanyama! Bundi amekaa mezani! Nguchiro anazunguka chini ya viti! Foleni mpaka nje!"

"Wanyama wanakunywa kahawa?"

"Hapana! Wanatazamwa! Siku hizi watu hawaendi mkahawani kunywa, wanakwenda kupiga picha. Kahawa ni kiingilio tu!"

"Kwa hiyo badala ya kujifunza kupika kahawa, unataka kuleta bundi."

"Bundi hapana," akasema Profesa kwa busara kubwa. "Bundi anatisha. Nataka mnyama mwenye sura ya huruma."

Akampata. Alimpata kwa mtu mmoja mwenye gunia, aliyeapa kwa viungo vyake vyote kwamba mnyama huyo amezaliwa nyumbani, amelelewa sebuleni, na akitolewa nje atakufa kwa upweke. Majani mabichi bado yalikuwa yamenasa mkiani mwa komba, lakini Profesa si mtu wa kuangalia mikia.

Nyumba ya mgeni ikawa ile friji ya soda iliyokufa zamani, yenye mlango wa kioo. Profesa alitoboa matundu ubavuni, akakata kidirisha kidogo chenye komeo, akaacha rafu moja katikati na kopo la maji. Karatasi ya zamani bado ilikuwa imeganda juu ya kioo: KUNYWA IKIWA BARIDI. Chini yake akabandika nyingine aliyoiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: OFISI YA MENEJA.

"Kwa nini Meneja?" kinyozi akauliza.

"Kwa sababu anakuja kazini kulala!" Profesa akajibu, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Mkewe hakucheka. Aliinama mbele ya friji, akamtazama yule mnyama aliyejikunja kwenye kona, mkia umezungushwa usoni.

"Mume wangu, huyu ni wa porini. Ana wenzake huko. Ana miti yake. Mrudishe."

"Porini kuna nini?" Profesa akafoka. "Hapa anakula bure! Hapati mvua, hana adui, halipi kodi! Mimi mwenyewe ningepewa nafasi hiyo ningeikataa? Haya, muulize kama anataka kuondoka."

"Nitamuulizaje?"

"Umeona! Hajalalamika."

Na kweli, komba hakulalamika. Alilala tu. Alilala asubuhi, akalala adhuhuri, akalala alasiri. Wateja walioitwa na tangazo la mlangoni walikaa mbele ya friji, simu zimeinuliwa, wakatazama mgongo wa manyoya ukipanda na kushuka.

"Profesa," kinyozi akasema, "nimemaliza kikombe cha pili. Mnyama hajapiga hata mwayo. Tukitaka kuona mtu amelala si tungebaki majumbani kwetu?"

Profesa akachukua kijiko, akagonga kioo. Ko, ko, ko! Komba akashtuka, akafumbua macho mawili makubwa kama visahani vya chai, akaachama na kutoa sauti ya mtoto mchanga aliyefinywa.

"Mnasikia? Anacheka!"

"Analia," mkewe akasema.

"Anacheka kwa lugha yao!"

Mkewe akaweka chini trei ya keki. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini yale machache aliyapanga vizuri.

"Sikiliza, Profesa." Akimwita Profesa badala ya mume wangu, hata kinyozi alijua kuna hatari. "Afisa afya anakuja kukagua hivi karibuni. Akikupa cheti, sitasema tena, mnyama akae. Akikunyima, komba anarudi msituni siku hiyo hiyo, na wewe unarudi kwa kaka kupanga magodoro. Kinyozi ni shahidi."

Profesa alimwona shemeji yake akilini, na lile chungwa, na ule mlango. Lakini mbele za watu!

"Nakubali!" akasema, akajipiga kifua mpaka akakohoa.

Sasa kazi ikawa moja: komba awe macho mchana, achangamke, awe kivutio ambacho afisa hataweza kukikataa. Profesa akafikiri, na kwa bahati mbaya akapata jibu. Kama mnyama anapenda usiku, basi atapewa usiku, ila utakuwa saa za kazi!

Akapaka madirisha rangi nyeusi. Akaning'iniza mablanketi mlangoni. Mchana, mkahawa ukawa giza totoro, isipokuwa kitaa kidogo cha mezani kilichofunikwa kitambaa chekundu kando ya friji. Usiku ndipo swichi iliposhushwa na taa zote zikawaka mpaka asubuhi, ili komba adhani ni mchana alale. Na kwa kuwa mfumo ulikuwa wa kisasa, taa za chumba cha kulala nazo ziliwaka mpaka asubuhi.

Mkewe alijifunga kitambaa machoni, akalala fofofo. Profesa alikataa kitambaa, eti mtu hawezi kuogopa uvumbuzi wake mwenyewe. Akawa anakodolea dari usiku kucha, na mchana anasinzia amesimama.

Lakini biashara! Loo, biashara ilichanganya! Watu hupenda kitu wasichokielewa, na mkahawa wa giza hawakuuelewa kabisa. Walitia chumvi kwenye kahawa wakaisifu, maana haikuonekana. Kinyozi alisalimiana na kitundikio cha makoti, akakiuliza habari za nyumbani. Bwana mmoja alimnong'oneza jirani yake wa mezani mambo yote yanayomchosha katika ndoa yake, na alipomaliza, sauti ya mama mkwe wake ikamjibu, "Endelea tu, baba, nakusikiliza."

Na Meneja akaamka. Kwenye ule mwanga mwekundu alionekana akiruka kutoka sakafu ya friji hadi rafuni, kutoka rafuni hadi sakafuni. Kabla ya kuruka, kila mara, alifanya jambo la ajabu. Alijiinamia, akapeleka kiganja chini, akakirudisha, akakisugua kwenye wayo. Kisha kiganja cha pili, wayo wa pili. Polepole, kwa makini, kama mtu anayejiandaa kwa shughuli kubwa.

Profesa alipoona hivyo nusura adondoke kitini.

"Jamani! Jamani! Ananawa! Mnyama ananawa mikono na miguu bila kuambiwa na mtu!"

Ukumbi mzima ukasema aaah!

"Na nyinyi je? Kabla ya kushika hizo keki, nani amenawa? Inueni mikono! Komba wa porini anawashinda usafi!"

Watu wakaona haya, wakapapasa gizani kuelekea kwenye sinki, wakapanga foleni. Kesho yake nje kukawa na bango jipya: MENEJA ANANAWA. JE, WEWE?

Ni kinyozi peke yake aliyekuna kichwa. "Profesa, nauliza tu. Maji anapata wapi? Kopo lake limo humo limepinduka tangu asubuhi, nimeliona."

"Swali gani hilo!" Profesa akamdharau. "Mstaarabu hakosi maji."

Jibu lilikuwa zito sana, kinyozi akaogopa kuonekana mjinga akanyamaza.

Harufu nayo ilikuwepo, kali kidogo, ya kuingia puani na kukaa. Profesa alisema ndiyo harufu ya msitu, na watu wa mjini walikuwa wameisahau. Wakavuta pumzi kwa hisia. Mwalimu mmoja wa chekechea alifumba macho akasema anamkumbuka bibi yake.

Kilichofuata kikawa salamu. Profesa alifungua kidirisha cha friji, akaweka kipande cha ndizi kwenye kiganja cha mteja, na komba akatoa mkono wake mdogo kukifuata. Mkono ulikuwa na vidole, kucha, na nguvu ya kushika iliyowafanya watu wapige kelele za furaha.

"Mkono wake laini!" mwalimu akasema. "Tena una majimaji!"

"Ametoka kunawa," Profesa akaeleza.

Mwalimu akaomba aguswe hata shavuni. Akaguswa. Baadaye wote wakarudi mezani na kwa mkono ule ule uliosalimiana wakachukua keki.

Mkewe Profesa aliyaona mengine ambayo giza halikuyaficha kwake, kwa kuwa ndiye aliyesafisha friji. Manyoya ya mkia yalikuwa yanatoka kwa mafungu. Ncha ya mkia ilikuwa na kidonda, na aliyeuma alikuwa komba mwenyewe. Rangi ya rafu ilikwisha kutoka pale alipotua, mahali pale pale kila siku, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutua. Iliuma kumtazama, na mkewe alikuwa akimtazama kila siku.

"Huyu anateseka, mume wangu."

"Amezoea," Profesa akasema huku akipiga miayo. "Tena anapenda watu."

Siku ya afisa afya ikafika. Shemeji naye alikuwepo, kaalikwa na dada yake kwa sababu ambazo dada hakuzitaja, na gari lake la magodoro lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Profesa aliliona akatema mate chini. Alikuwa amevaa tai, na macho yake mekundu kwa kukosa usingizi yalifanana kabisa na kile kitaa.

Afisa aliingia, akajikwaa, akajigonga kwenye meza ya kinyozi. Alikuwa mama mwembamba wa makamo mwenye koti jeupe na faili kwapani, na sauti yake ilizoea kuamuru.

"Mbona giza? Umeme mmekatiwa?"

"Ni mazingira, Bi Afisa. Ni mtindo. Karibu sana!"

"Jiko liko wapi?"

Jiko! Jiko lilikuwa na sufuria ya kahawa ambayo Profesa hakutaka ijulikane na serikali. Akamshika afisa kiwiko kwa adabu, akamgeuzia upande wa pili.

"Bi Afisa, wengine wanaonyesha jiko. Sisi usafi wetu unaanzia juu kabisa. Kwanza umwone Meneja wetu."

"Yuko wapi?"

"Yumo ndani ya friji."

Afisa akasita. "Ni marehemu?"

"Ananawa mikono!"

Afisa akasogea kwenye mwanga mwekundu, akainama, akaona. Kwanza akaruka nyuma. "Mnyama! Mnyama wa porini ndani ya mkahawa! Bwana, hiki cheti usahau!"

Kule nyuma shemeji alisikika akijikohoza. Profesa akahisi godoro limemkalia kifuani.

"Mtazame kwanza!" akasihi. "Kidogo tu! Mtazame anavyofanya!"

Komba, aliyetaka kuruka kama kawaida yake, akainama. Kiganja chini, kiganja juu, wayo. Kiganja cha pili, wayo wa pili.

Sasa, afisa huyu alikuwa ametumia maisha yake ya kazi kuwaambia watu wanawe mikono. Aliwaambia mashuleni, sokoni, na nyumbani kwake mwenyewe, ambako mumewe mpaka leo hula kwanza akanawa baadaye. Hakuna aliyemsikia. Na hapa, kwenye friji mbovu, kiumbe kisicho na kitambulisho kilinawa mpaka vidole vya miguu!

"Ananawa," akanong'ona. "Tena mara mbili."

"Bila kuambiwa!"

"Na wateja?"

"Wateja wote wanamwiga! Bango liko nje!"

Profesa akafungua kidirisha, akamkabidhi afisa kipande cha ndizi. Mkono mdogo ukatoka, ukashika kidole cha afisa, ukakibana. Afisa akafurahi kama msichana. Profesa, naye kafurahi zaidi, akasahau kurudisha komeo. Akamletea keki, ile bora ya mkewe, na afisa akaichukua kwa mkono ule ule, akaimega, akala nusu.

"Nzuri," akasema akitafuna. "Ina kachumvi fulani."

"Siri ya nyumba," Profesa akasema, na kule nyuma ya pazia mkewe, aliyejua kwamba keki zake hazina chumvi hata chembe, akainua kichwa.

"Basi nimeamua," afisa akatangaza. "Mnyama ataandikiwa maelezo maalumu. Cheti mmepata. Niwekeeni mwanga nitie sahihi."

Wateja wakapiga makofi! Kinyozi akakikumbatia kitundikio cha makoti. Profesa akageuka gizani kuelekea alikodhani shemeji yupo, akamwinamia kama msanii jukwaani. Angeweza kuleta kile kitaa kidogo, kingetosha kabisa kwa sahihi. Lakini mtu aliyeshinda hatosheki na kitaa!

"Mke wangu!" akapaza sauti. "Washa taa! Washa zote! Watu waone!"

Mkewe akashusha swichi.

Watu wakaona.

Meneja alikuwa ametoka kupitia kidirisha. Alikuwa amekaa juu ya meza ya keki, mbele ya afisa, kati ya sahani na faili, katikati ya kunawa. Na sasa, chini ya taa zote za mfumo wa kisasa, kila mtu mkahawani aliona maji yanatoka wapi.

Alijikojolea kiganjani. Akakisugua kwenye wayo. Akajikojolea kiganja cha pili, bila haraka, akasugua wayo wa pili. Kisha, kwa kuwa afisa bado alikuwa na mabaki ya ndizi, akamnyooshea mkono.

Mwalimu wa chekechea akainua vidole polepole akagusa shavu lake. Mtu mmoja akatazama keki, akatazama kiganja, akatazama keki tena.

"Kumbe ndiyo maji yale," kinyozi akasema, kwa utulivu wa mtu aliyepata jibu la swali lake.

Ndipo ukumbi ulipolipuka! Wengine walikimbilia sinki, wengine mlango, na waliokimbilia mlango walinaswa kwenye mablanketi wakapigana nayo wakidhani ni watu. Mama mkwe mmoja alimtumia mkwewe kama ngazi. Komba, kapofushwa na mwanga na kutishwa na kelele, akapiga ukelele wa mtoto mchanga, akaruka kichwani kwa kinyozi, kutoka hapo kichwani kwa mwalimu, kutoka hapo kwenye tai ya Profesa. Kila alipotua aliacha unyevu wa ustaarabu.

Mkewe Profesa alizima taa kwanza. Akasubiri. Akaja na shuka lake mwenyewe, akanong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyasikia, akamfunika yule mnyama taratibu kifuani pa mumewe, akamtia kwenye boksi lenye matundu. Alikuwa ameliandaa tangu asubuhi.

Afisa alikuwa bado amesimama, nusu ya keki mkononi, nusu nyingine mahali asipoweza kuirudisha.

"Bi Afisa," Profesa akaanza, "kitaalamu kabisa..."

Afisa akaichana karatasi ya cheti vipande viwili. Akatoka nje, akasikika akiosha kinywa kwenye bomba la duka la miwani kwa muda mrefu sana.

"Shemeji," ikaja sauti ya upole kutoka gizani. "Gari liko mlangoni."

Wakaenda msituni jioni ile ile. Shemeji aliendesha, dada yake alikaa naye mbele, na Profesa akawekwa nyuma na magodoro ili ashike boksi. Walifika mwisho wa barabara, mahali miti inapoanza kushikana. Mkewe akafungua boksi.

Komba hakutoka. Alikaa pale, macho yote wazi, kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta. Kisha akapanda shina la kwanza, polepole, akasimama kwenye tawi. Akajiinamia. Kiganja, wayo. Kiganja cha pili, wayo wa pili. Akashika tawi kwa mikono ile yenye unyevu, akalishika sawasawa, akaruka.

Aliruka mbali, mbali kuliko walivyodhani mnyama mdogo vile anaweza. Mikono haikuteleza. Akaruka tena, na tena, mpaka wakabaki wakisikia majani tu.

"Kumbe hakuwa ananawa," mkewe akasema. "Alikuwa anajiandaa kuruka. Siku zote zile, mle frijini. Kila siku anajiandaa, na hapana pa kurukia."

Profesa alifungua kinywa. Akakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

Kesho yake alirudi kazini kwa shemeji, lakini hakufaa kwa kupanga magodoro. Usiku ulikuwa umegeuka mchana mwilini mwake, na mchana usiku. Kila alipobeba godoro aliliegemea, na kila alipoliegemea alikoroma. Mtu mwingine angemfukuza. Shemeji alimenya chungwa, akamtazama, akafikiri.

Kikawekwa kitanda kwenye lile dirisha kubwa la kioo lililotazama barabarani. Likawekwa godoro jipya kabisa, na juu yake Profesa, kavaa pajama za mistari. Alilala asubuhi, akalala adhuhuri. Watu wakaanza kusimama, simu zimeinuliwa. Biashara ikachanganya!

Siku moja Profesa alishtuliwa usingizini. Ko, ko, ko! Mwalimu wa chekechea alikuwa akigonga kioo kwa ufunguo, shemeji kasimama kando yake.

"Mbona amelala tu leo? Mbona hachezi?"

Profesa akaketi, akapiga kioo kwa viganja, akapaza sauti kwamba yeye ni mtu, ana jina, ana heshima zake, afunguliwe mlango! Kioo kilikuwa kinene. Nje ilionekana midomo yake tu ikifunguka na kufungika.

"Masikini," mwalimu akasema. "Hateseki huyo?"

"Kuteseka?" shemeji akashangaa. "Anakula bure, hapati mvua, halipi kodi. Amezoea, tena anapenda watu."

"Lakini kama vile analia."

Shemeji akasogea, akatazama kwa makini.

"Hapana, mwalimu. Anacheka kwa lugha yao."